Buti ya Kuzuia Utelezi

Masika haya niliapa sianguki tena. Mwaka jana nilianguka mara tatu kati ya kijiwe cha bodaboda na geti langu hapa Pasua, Moshi, na mara zote tatu watu walikuwepo. Ukianguka peke yako unainuka, unajifuta, unaendelea na safari. Ukianguka mbele ya bodaboda unabadilishwa jina. Mimi hadi leo naitwa Mzee Chali.

Nikaenda Memorial kwenye mitumba. Kijana mmoja ndiyo kwanza kafungua belo, na juu kabisa kuna buti nyeusi, ngozi ngumu, kamba ndefu kama za mwanajeshi. Chini ya soli kuna chuma kirefu, chembamba, toka kisigino hadi vidoleni. Nikauliza, hiki chuma cha nini? Kijana hakumeza hata mate: "Shikamoo mzee. Hiyo ya kuzuia utelezi. Inauma ardhi." Alianzia elfu ishirini na tano, tukaishia kumi na mbili. Nikaondoka najiona nimemwonea.

Mvua ya kwanza nikazivaa. Zikauma ardhi kweli, zikagoma kuiachia. Nilisimama katikati ya barabara kama mwiko kwenye makande, bodaboda wananizunguka, mpaka nikavua na kurudi peku. Fundi viatu akaigeuza moja mara mbili, akaniambia kwa upole, "Meku, hii siyo buti. Hiki ni kisu, wakakishonea buti."

Usiku nikampigia mdogo wangu aliyeko Minnesota, kule Marekani, nimwoneshe kwa video. Alicheka hadi simu ikamdondoka. "Braza, hivyo ni viatu vya kutelezea barafuni! Hata wanangu wanavyo. Hapa mjini tuna ukumbi wa barafu, mali ya halmashauri."

Mali ya nani?

Ukumbi wa barafu wenyewe haukunishtua. Nairobi pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, walianza kuteleza mwaka 2005, na Wakenya wana timu ya hoki inaitwa Ice Lions. Hiyo naielewa: mwenye hela kajenga, mwenye hela anateleza. Lakini halmashauri! Hawa wa ushuru wa soko na choo cha stendi, wakae kikao, wapitishe bajeti ya baridi, mjumbe anyooshe mkono kuunga mkono utelezi. Mimi utelezi nimepewa bure mlangoni na sijawahi kumshukuru mtu.

Akanieleza. Chini ya sakafu ya zege kuna mabomba, kilomita na kilomita, ndani yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Zege likishakuwa baridi wananyunyiza maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu hivi. Uwanja wenyewe una urefu wa mita 60. Sentimita tatu tu! Barafu za ubuyu za Mama Neema ni nene kuliko hiyo.

Ikichubuka, linapita gari linakwangua juu na kumwaga maji ya moto. Ndiyo, ya moto, kwa sababu yanayeyusha kidogo ile ya chini, yote yanagandamana na kuwa laini. Gari hilo alilibuni bwana mmoja wa California, Frank Zamboni, mwaka 1949. Biashara yake ya awali ilikuwa kuuza barafu za mapande, majokofu yakaingia majumbani yakamharibia. Hapo nikamwonea huruma. Mama Neema naye umeme unamharibia, ila yeye hajabuni gari.

Nikauliza, sasa nani anatumia? Alfajiri watoto wa hoki, wazazi wamekaa pembeni na vikombe vya kahawa wanatetemeka. Jioni timu za watu wazima wanakodi kwa saa. Jumamosi yeyote analipa kiingilio na kukodi viatu. Watu wanafanyia humo sherehe za kuzaliwa, na kuna miji wakati wa joto wanaiyeyusha barafu yote, sakafu inabaki ya maonesho na mahafali.

Mahafali! Basi hilo lingetosha, hayo mengine ungeyasahau. Huo ukumbi uje Moshi, uone kama kuna mtoto atacheza hoki. Kamati za sendofu na kipaimara zingeukodi wote. Na barafu wasiiyeyushe, iacheni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inawekwa mlangoni, mjomba anaisukuma kidogo tu, inateleza yenyewe hadi meza kuu na majani yake mdomoni. Tatizo ni MC.

Kinachoniuma ni kingine. Binamu yangu ni mgumu, anabeba mizigo mlimani Kilimanjaro. Kilo ishirini mgongoni, anapita kambi inaitwa Barafu, zaidi ya mita 4,600, halafu huko kambini hakuna cha barafu wala nini, mawe matupu. Anambebea mgeni aliyelipa dola nyingi aende kuiona barafu ya Kibo, ambayo kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa asilimia 85. Na mgeni huyo kwao anayo barafu chini ya bati, ya halmashauri, ina ratiba ukutani. Si angekaa kwao, akamtumia binamu nauli?

Nikiwa bado naongea, umeme ukakatika. Ulirudi kesho yake jioni. Friza la Mama Neema likawa limelia usiku kucha, ubuyu umetambaa toka jikoni hadi sebuleni, kwenye vigae. Mimi natoka kitandani gizani, peku, nawahi chooni.

Neema akamulika tochi ya simu, akaona baba yake chali, kalowa mwekundu tupu, akapiga yowe. Majirani wakaja na panga. Mama Neema akaja wa mwisho, akanitazama, akatazama friza.

"Baba Neema, umelalia ngapi?"

Zilikuwa arobaini na mbili. Shilingi mia mia.