PASS Zangu Zilikuwa za Bure

Wiki tatu nzima nilijiona fundi. Hapa Shangani, Mtwara, kwenye laptopu isiyo na kadi ya michoro ya NVIDIA, nilijenga GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, mara mbili, moja ya prosesa ya kawaida na nyingine ya nvptx inayozalisha msimbo wa kadi hizo. Nikaendesha majaribio ya OpenMP, njia ya kuigawia kadi sehemu ya kazi ya programu. PASS, PASS, PASS, yaani yamefaulu, mpaka chini ya ukurasa.

Sasa kadi gani ilifanya kazi hiyo?

Hakuna. Kifaa kisipopatikana, sehemu iliyoandikiwa kichapuzi, yaani kadi, inarudi kimyakimya kwenye prosesa ileile. Hesabu inatoka sahihi, programu inamaliza salama. Kwa mtumiaji huo ni msaada mkubwa, ila kwa anayepima kompaila ni kiinimacho.

Nilimsimulia mjomba, ambaye hupima ubora wa korosho kwenye ghala moja Tandahimba. Akaniuliza, "Sasa mjomba, ulikata?" Kwao gunia haliaminiwi kwa kulitazama. Linachomwa bambo, korosho za sampuli zinakatwa moja moja, hapo ndipo zilizooza na zilizosinyaa zinapojulikana.

Kwenye OpenMP kisu kipo, mpangilio unaowekwa kabla ya kuendesha programu: OMP_TARGET_OFFLOAD=MANDATORY. Ukiiweka na kifaa hakipo, programu inakufa papo hapo. Niliiweka. PASS zangu zikapukutika kama maua ya mkorosho kwenye upepo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba jaribio lililokusudiwa kichapuzi, likikosa kichapuzi, liandikwe UNSUPPORTED, yaani haliwezi kupimwa hapa, neno ambalo mfumo wa majaribio wa GCC unalo tayari. Najua wapo watakaosema kule kurudi kwenye prosesa nako kunahitaji kupimwa. Sawa, kupimwe, lakini kwa jina lake.

Wala simaanishi tusio na kadi tukae pembeni. PTX, msimbo ambao nvptx inautoa, ni maandishi matupu. Dereva wa kadi ndiye anayeyageuza baadaye. Kwa hiyo unaweza kukompaili tu, ukafungua kilichotoka na kutafuta kama amri uliyoitarajia imo. LLVM, mradi mwingine wa kompaila, wana majaribio mengi ya namna hiyo, yanayosomwa na FileCheck, chombo cha kulinganisha maandishi, na hayadai kadi yoyote.

Siku hizi natuma marekebisho yangu na sentensi moja juu: nimekompaili, sijaendesha. Mara ya kwanza kuiandika niliona aibu, nikaifuta, nikairudisha. Mtu mwenye kadi akajitolea kuyaendesha majaribio yangu sita.

Mawili yakaanguka.