Mlenda wa shangazi haukustahili kukaa stoo

Krismasi imepita siku kumi na moja na jambo hili bado limenikaa kooni.

Shangazi yangu aliondoka Kongwa alfajiri ya tarehe 24, akabadilisha gari Mbande, akashuka stendi ya Nanenane hapa Dodoma akiwa na begi dogo na kiroba kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Alipofika nyumbani, kabla hata ya kunywa maji, alikifungua kutuonyesha. Unga wa uwele, wa kijivu, aliouanika na kuusagisha mwenyewe. Karanga zilizokaangwa. Na kopo la maziwa ya watoto limejaa mlenda wa kukausha, ile mboga ya majani inayovutika, uliotwangwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini kama poda.

"Hiki cha sikukuu, mwanangu," akaniambia, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Dada yangu alikuwa karibu. Akakipokea yeye, akasema kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote moyoni: "Ahsante shangazi, Mungu akubariki. Ila kesho ni pilau, mlenda tutakula sikukuu zikiisha." Kiroba kikaenda stoo, kikawekwa juu ya kreti za soda. Shangazi akasema "haya", akakaa kwenye kiti, akaanza kukikunja kile kipande cha kanga. Alikikunja mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na daftari langu la mipango mkononi, na sikusema neno. Mimi ndiye niliyepanga karamu yote. Neno langu moja lingetosha.

Daftari hilo nililianza mwezi wa kumi na moja. Tangu treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nyumba yetu ya Krismasi imebadilika. Zamani ndugu wa Dar walikuwa wakihesabu saa za basi na kuahirisha. Sasa wanapanda asubuhi na mchana wapo mlangoni, na kila mmoja ameongozana na rafiki. Safari hii tulikuwa watu 41. Kulisha watu 41 si kazi ya kubahatisha, kwa hiyo niliandika kila kitu: mchele wa Kyela kilo saba, mbuzi wawili kutoka mnada wa Msalato, ngano ya chapati, viazi, bizari nzima, iliki, mdalasini, nani anakata vitunguu, nani anakesha akiangalia nyama, sufuria kubwa ya kuazima kwa jirani wa Ilazo. Najivunia daftari lile. Hakuna kilichokosekana, hakuna aliyelala njaa.

Usiku ule nililifungua tena nikiwa peke yangu jikoni. Nikachukua kalamu nyekundu nikaanza kuzungushia duara kila kitu kilicholimwa au kufugwa kwenye ardhi hii ya kwetu. Vitu 23. Niliweka duara mara mbili: mbuzi, na mafuta ya alizeti. Basi. Karamu ya familia ya Kigogo, katikati ya Dodoma, na kama ungeyaondoa mabati ya nyumba ukaiweka Temeke, hakuna ambaye angejua tofauti.

Najua mtakachoniambia, maana dada ameshaniambia: mlenda na ugali wa uwele ni chakula cha shida, na sikukuu ni siku ya kupumzika na shida. Hapo ndipo ninapobishana, na nitabishana mpaka mwisho.

Ni kweli ni chakula cha shida. Huku kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na kwa kawaida mwaka mzima haifiki milimita 600. Mahindi yakikosa mvua wiki mbili wakati wa kuchanua, umeumia. Uwele unavumilia. Mlenda nao unajiotea wenyewe porini na kwenye mashamba mvua ikigusa ardhi, na mama zetu wanauchuma, wanauanika, wanautwanga, wanaufungia kwa ajili ya miezi ambayo hakuna jani la kijani popote. Wazee wetu walioikumbuka Mtunya, ile njaa ya kati ya mwaka 1917 na 1920, wakati majeshi ya wageni yalipochukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua nayo ikakataa, walituachia hofu ya ghala tupu. Bibi yangu alikuwa hawezi kulala kama chungu cha mlenda mkavu hakijajaa. Sisi watoto tulidhani ni tabia tu ya wazee. Alikuwa anaikumbuka njaa ambayo hata hakuiona mwenyewe, ameikuta kwenye midomo ya mama yake.

Sasa niambieni. Chakula kilichokuvusha wewe na ukoo wako, siku ya furaha kinawekwa wapi? Kama mtu alikusomesha kwa kuuza kuni, siku ya harusi yako unamficha chumba cha nyuma mpaka wageni waondoke? Hatufanyi hivyo kwa watu. Tunamkalisha mbele, tunamvalisha, tunamtambulisha. Uwele na mlenda ndio waliotusomesha. Mimi nautaka mbele, kwenye meza ile ile ya pilau, kwenye bakuli zuri lenye mfuniko, siku yenyewe ya tarehe 25 na watu wote 41 wakiwapo.

Na shangazi anatoka Kongwa, kumbukeni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale pale na matrekta yao kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Ukame na udongo mgumu uliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Karanga za shangazi, za nusu ekari na jembe la mkono, bado zinatoka kila mwaka na zilikuwa ndani ya kiroba kile. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi, kwa sababu dunia imeanza kutafuta mazao yanayostahimili ukame. Dunia inautafuta uwele, sisi tunauweka stoo juu ya kreti za soda!

Sina ugomvi na pilau. Pilau ya siku ile ilikuwa nzuri sana, lazima niseme. Vitunguu viligeuka rangi ya kahawia bila kuungua, mkaa ulipaliwa juu ya mfuniko, punje zilisimama moja moja, na watoto waliokaa mwaka mzima wakiisubiri walikula mpaka wakalala mkekani. Pilau ibaki. Nakubali pia kwamba kuna wageni ambao hawatagusa mlenda kwa sababu ya kule kuvutika kwake. Wasile. Hakuna anayelazimishwa, kama ambavyo hakuna anayelazimishwa kachumbari yenye pilipili.

Hoja pekee yenye uzito niliyoisikia ni ya muda. Pilau inaivishwa asubuhi na mchana bado ni pilau. Mlenda hausubiri. Ukiuacha kwa muda wa saa mbili unakuwa mzito, unashuka ladha, na ugali wake unataka mtu mwenye mikono ya kuusonga wakati huo huo ambapo wageni wanaanza kunawa. Hilo ni tatizo la mipango, na kazi ya daftari ni hiyo. Kama niliweza kupanga nani anakaa macho na nyama usiku kucha, nitashindwaje kupanga dakika ishirini za jiko la tatu?

Tarehe 26 asubuhi niliamkia sauti ya kuni kuvunjwa. Shangazi alikuwa uani, amepanga mafiga matatu, sufuria ndogo iko motoni. Alitia maji, nyanya mbili, kitunguu, na kipande cha magadi kisichozidi punje ya hindi. Maji yalipochemka alianza kuunyunyiza mlenda kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukikoroga bila kusimama, ili usifanye madonge. Kisha karanga zilizotwangwa. Harufu ikabadilika pale pale, ikawa ile harufu ya nyumba ya bibi saa moja usiku. Akaunyanyua mwiko juu mpaka usawa wa kifua chake, na mlenda ukashuka uzi mmoja mrefu bila kukatika.

"Umeiva," akasema. Halafu akauliza, "Wako wapi watu?"

Watu walikuwa wameshaondoka. Wengine walikuwa kwenye treni, wengine wamekwenda kwa wakwe zao. Tulikula sita. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hajawahi kuishi nje ya Dar, alibaki kwa sababu alikuwa na homa, na yeye ndiye aliyeomba aongezewe mara mbili. Wenzake zaidi ya ishirini, wenye jina la ukoo lile lile, wamerudi Dar hawajui hata unafananaje. Shangazi aliubeba mlenda ule kwa ajili ya watu 41.

  

Nimempigia simu shangazi jana. Nilimwomba radhi kwa lile neno nililolimeza, akasema yameisha, akaanza kuniuliza habari za mvua, kama wafanyavyo wazee wakitaka kukuondolea aibu. Pasaka anakuja tena. Wakati huo mvua zitakuwa bado zipo, kwa hiyo kutakuwa na mlenda mbichi pamoja na ule mkavu, na amesema atakuja na vyote viwili ili watoto waone vinavyotofautiana. Dada nimeshamwambia, hakupinga. Alinyamaza kidogo kisha akauliza uwele utatosha kilo ngapi.

Daftari jipya nimelinunua. Mstari wa kwanza nimeandika: Mlenda, shangazi, maji yachemke saa sita na nusu, pilau ikishateremshwa. Wa pili: Ugali wa uwele, kaka mkubwa asonge. Jiko la tatu bado sijalipata, na bakuli la mfuniko nitalitafuta soko la Majengo wiki ijayo.