Mwacheni McConnell benchi

Robo ya pili ya mechi ya Indiana Pacers, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, haiishi kabla rafiki yangu hajanitumia ujumbe ule ule: "Sasa huyu jamaa anasugua benchi kwa kosa gani?" Jamaa mwenyewe ni T.J. McConnell, pointi gadi (mpangaji wa mchezo) wa akiba, na swali hilo tumelibishania tangu fainali za NBA za 2025 mpaka tumechokana. Jibu langu halijabadilika. Hajakosa lolote. Yuko benchi kwa sababu anachokifanya kinataka benchi, na siku atakapopewa dakika za mchezaji wa kikosi cha kwanza ndiyo siku tutakayompoteza McConnell tunayemshangilia.

Najua linavyoudhi. Mtu anaingia, mchezo unageuka, uwanja unasimama, halafu baada ya dakika saba nane unamwona amekaa tena na taulo begani. Chukua mechi ya tatu ya fainali zile dhidi ya Oklahoma City Thunder, timu iliyokuwa imeshinda mechi 68 za msimu wa kawaida. McConnell alicheza dakika 15 tu. Akafunga pointi 10, akatoa pasi 5 za kufunga, akapora mipira 5. Hakuna mchezaji aliyetokea benchi aliyewahi kufikisha hesabu hiyo katika mechi ya fainali. Benchi la Pacers lilimaliza na pointi 49, la Thunder 18, na Pacers wakashinda 116 kwa 107. Tangu hapo kila mtu amekuwa mwanahisabati: kama dakika 15 zimeleta yale, 30 zitaleta mara mbili.

Haziji hivyo. Mtazame anavyopora. Pacers wamefunga, mpinzani ameuchukua mpira nyuma ya mstari aurudishe mchezoni. Wenzake wanakimbia kurudi kulinda, naye anarudi nao, mgongo kageuza, mabega yamelegea, utadhani pumzi imekata. Anayerusha haoni cha kuogopa; anatoa kipasi kile kifupi ambacho amekitoa maelfu ya mara bila kufikiria. Hapo ndipo McConnell anageuka. Hatua mbili, mkono chini, mpira wake, na kikapu kiko pale pale mbele ya uso. Mrushaji bado ameinua mikono.

Mtego huo una masharti. Mwindaji awe na mapafu mapya, na mwindwa awe amejisahau. Anayeanza mechi na kucheza dakika 34 lazima ajibane. Kuna mipira ataiacha ipite ili robo ya nne asikutwe hoi. McConnell hajibani kwa sababu anajua atatolewa muda si mrefu. Anamfuata mtu uwanja mzima, anagombea kila mpira unaodunda ovyo, anatumia akiba yote kwa mkupuo mmoja. Mwondolee uhakika wa kutolewa, naye ataanza kupima nguvu kama wengine. Akipima, anabaki kuwa gadi mfupi wa miaka thelathini na kitu ambaye mitupio ya mbali si silaha yake.

Halafu kuna hesabu ambayo hatutaki kuipiga. Mechi ina dakika 48. Tyrese Haliburton, pointi gadi wa kikosi cha kwanza, msimu ule alikuwa anacheza kama 34, kwa hiyo nyuma yake zinabaki 14. McConnell alipata wastani wa karibu 18. Zile nne za ziada hazikuanguka kutoka mbinguni. Kocha Rick Carlisle alizitafuta kwa kuwachezesha wote wawili pamoja na kubeba hatari ya kuwa na watu wawili wa kupanga mchezo, mmoja wao mfupi. Kocha anayemnyima mtu hafanyi hivyo.

Na huyu Carlisle si mwoga wa kupandisha mtu wa benchi. Mwaka 2011 alikuwa Dallas Mavericks, kwenye fainali wako nyuma mechi 2 kwa 1 mbele ya Miami Heat, akamtoa DeShawn Stevenson kwenye kikosi cha kwanza na kumwanzisha J.J. Barea, gadi mfupi kuliko hata McConnell. Dallas wakashinda mechi tatu mfululizo na kombe likawa lao. Kwa hiyo dawa hiyo anaijua, aliwahi kuitumia kwenye jukwaa lile lile. Miaka kumi na minne baadaye akamtazama McConnell na kuamua kutoitumia. Mimi naona alijua anachokifanya.

(Zawadi ya mchezaji bora wa akiba nayo inachangia kutupotosha. Imekuwapo tangu 1983, na kwa upande wa magadi imezoea wafungaji. Jamal Crawford na Lou Williams wameibeba mara tatu kila mmoja. Basi tumeshazoea kuamini kwamba gadi wa benchi ni bunduki iliyowekwa kando. McConnell si bunduki. Machi 2021, dhidi ya Cleveland, akitokea benchi, alipora mipira 9 katika nusu ya kwanza, rekodi ya NBA kwa nusu moja. Mara ya mwisho kusikia mtu akiitaja lini?)

Rafiki yangu ana karata moja nzuri, nayo ni mechi ya saba na ya mwisho ya fainali zile za 2025. Haliburton aliumia robo ya kwanza, na McConnell akalazimika kucheza muda mrefu kuliko alivyozoea. Robo ya tatu alifunga pointi 12 kati ya 20 za timu nzima. Ukitazama vikapu vyake peke yake utalia: anaingia katikati ya watu warefu, anasimama kwa mguu mmoja, anarusha ile mitupio yake ya karibu inayopita juu ya vidole kwa unywele. Lakini Pacers waliingia robo ile wakiongoza 48 kwa 47 na wakatoka wakiwa nyuma 81 kwa 68. Mipira iliwaponyoka, ya McConnell mwenyewe ikiwamo, na Thunder wakamaliza kazi kwa 103 kwa 91.

Mechi moja haithibitishi kitu, nakubali. Haithibitishi upande wake wala wangu.

Usiku ule alinitumia ujumbe, "Umeona zile 12?" Nikamjibu kwamba nimeziona, ila dakika zile McConnell hakupewa na Carlisle, alipewa na kano ya Haliburton iliyokatika. Akanyamaza mpaka msimu mpya ulipoanza, akarudi na swali lile lile.