Yaya alivyoolewa bila mimi kuambiwa

Nyinyi wenye Toyota hamna shida, mnaegesha popote, mnaingia dukani, mnatoka, hakuna hata mtu aliyegeuza shingo. Mimi nina Peugeot 404. Ni ya marehemu papa, rangi ya maziwa, ilifika kwetu kabla sijazaliwa ndiyo maana nyumba nzima tunaiita Yaya, yaani dada mkubwa, na heshima zake za mkubwa anapewa zote, hata mama hathubutu kuweka kikapu cha mboga juu ya kapoti, boneti yake, bila kusema pardon.

Kwa watoto wa juzi: 404 ilitoka 1960, umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina, nyuma ina vipembe viwili vimesimama, injini imelazwa ubavu, na vitesi zake, gia, hazipangwi pale chini katikati ya viti, hapana, levie, kijiti chake, iko juu kwenye volan, kwenye usukani. Hiyo levie muikamate vizuri kichwani, itatuletea kesi. Na isitoshe ndiyo motokari iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, ile ya 66 na 67 dereva akiwa Bert Shankland, mzungu aliyekuwa anakaa Tanzania. Papa alikuwa anaitaja hiyo miaka kwa sauti kila Yaya alipogoma kuwaka asubuhi, yaani anamkumbusha anatoka ukoo gani.

Maana Yaya anagoma. Demarere yake, yaani stata, inafanya kazi siku inayotaka yenyewe, kwa hiyo sisi tukitafuta paking hatutafuti nafasi, tunatafuta mteremko. Unaegesha pua ikiangalia chini, ukirudi unaachia freni, anashuka, unatia vitesi ya pili, paa, amewaka, watu wanadhani una demarere mpya. Sasa nani alisema mtu mwenye motokari ya namna hiyo akae Lubumbashi, huku Kongo? Huu mji Mungu aliupiga pasi. Mlima pekee tulio nao ni terril ya Gécamines, kampuni ya madini, ule mlima mweusi pembeni ya bomba refu la moshi, na hata huo ni mabaki ya kuyeyusha shaba yaliyomwagwa na watu miaka na miaka, Mungu hahusiki. Wenzetu wa Bukavu wanalia na vilima vyao, mimi nawaonea wivu, Bukavu ningeegesha hata macho yakiwa yamefungwa.

Kwa hiyo miteremko ya mji huu naijua yote na haijazi mkono. Na mteremko wenyewe usiwe chini ya mwembe, kila mtu anajua kwa nini. Usiwe chini ya jakaranda pia, mwezi wa kumi yale maua ya zambarau yanamwagika mji mzima, kwenye picha yanapendeza, lakini jua likiyapikia juu ya rangi ya zamani utayabandua na kucha. Wala usiwe karibu na uwanja wa Kamalondo siku Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza, wakishinda watu watakaa juu ya kapoti kwa furaha, wakipoteza watakaa palepale kwa huzuni. Ukishatoa hayo yote unabaki na mteremko mmoja wa maana, na barabara yake siitaji jina hapa maana mtajaa. Niseme tu uko upande wa zoo, pale barabara inaposhuka kuelekea mtoni.

Jumamosi moja basi nimeshuka mjini kutafuta bobini, koili ya injini, nikamweka Yaya pale, vitesi ndani, freni ya mkono nimevuta, na chini ya gurudumu la mbele nikasukumia jiwe lake, jiwe tunatembea nalo kwenye buti, lina kitambaa chake. Kijana wa paking akaja mbio na jile yake ya njano, kile kizibao chao, akasimama akaangalia, akazunguka, akaangalia tena.

"Papa, ii ni ya mwaka gani?"

"Imekuzidi umri mara mbili."

"Enda tu papa, mi niko hapa, hata inzi haitatua."

Mlango wa kuume wa Yaya haufungi na funguo, unafungwa na imani. Sikumwambia. Lakini hawa vijana wana pua.

Bobini nikaipata, nikabishana bei vizuri, nikanywa na soda ya baridi maana lile jua lilikuwa la kutafuta mtu. Narudi taratibu, nafika kwenye kona, nasikia fanfari. Tarumbeta, ngoma, kila kitu. Nikajisemea leo kuna watu wana raha zao. Nikageuza kona, nikaona raha yenyewe iko juu ya motokari yangu.

Yaya amefungwa utepe mweupe kutoka kioo hadi kioo. Kwenye kapoti kuna shada la maua ya plastiki, limebandikwa na skochi, skochi bwana, juu ya rangi ambayo papa alikuwa anaifuta na shati lake mwenyewe. Bibi arusi amekaa nyuma na gauni limejaa hadi dirishani, bwana arusi amekaa mbele kwenye volan na miwani nyeusi, bamama wa vitenge vya sare wamejipanga pembeni, mpiga picha analala chini barabarani kutafuta engo. Na yule kijana wangu wa jile amesimama mbele na mkono mmoja umeshika noti na mwingine unapanga watu mustari.

"Elfu tano kupiga picha! Ndani ni elfu kumi! Papa, panga mustari na weye."

Aliniambia mimi hivyo. Halafu akanitambua, akaangalia juu kwenye miti.

Kabla sijapata neno la kumpa, mama mmoja mwenye kilemba kikubwa akanitokea mbele, nikamjua papo hapo kuwa ndiye mwenye sherehe, mama wa bibi arusi hajifichi.

"Wee chofere! Njo saa hii unafika? Na babushi ku miguu! Ku ndoa ya mutoto wangu!"

"Mama, samahani, mi siko chofere. Motokari ni yangu."

"Bachofere bote njo vile banasemaka."

Mjomba mtu akaja na karatasi, akaikunjua taratibu, anasoma kwa kifaransa cha serikali: wamelipa avansi, yaani kianzio, kwa bwana mmoja wa lokasio, wa kukodisha motokari: motokari ya zamani, nyeupe, ifike zoo saa nane kwa ajili ya picha. Saa nane imepita, wamefika, wameikuta motokari ya zamani, nyeupe, iko zoo. Sasa mimi hapo nibishe nini? Karatasi iko sahihi kila mahali isipokuwa motokari. Nikaanza kueleza mambo ya papa, ya Yaya, ya bobini niliyoshika mkononi, mjomba akaniambia kwa upole kabisa nisiwe na hofu, salio langu nitapata jioni.

Tukiwa kwenye hayo mazungumzo, kule kwa Yaya mambo yalikuwa yanapangika bila sisi. Nimeyaunganisha baadaye, na bado nashangaa yalivyopokezana. Mpiga picha aliona jiwe linaharibu picha, akamwambia kijana aliondoe, kijana akaliondoa, akalifuta na vumbi akaliweka pembeni (malezi anayo, sikatai). Bwana arusi naye ni mtoto wa motokari za Japani zinazopitia Dar, volan kuume, kila kitu otomatiki. Amekalishwa kwenye volan ya kushoto, hajui mikono aiweke wapi, akaona kile kijiti kwenye volan akadhani ni cha taa za kona, akakishusha kidogo ili taa ziwake kwenye picha. Vitesi ikatoka. Taa hazikuwaka. Mpiga picha akasema ingependeza kapoti ikifunguliwa kidogo watu waone injini, bwana arusi akapapasa chini ya dashibodi, akapata kishikio, akakizungusha akakisukuma. Ile ni freni ya mkono.

Yaya akaondoka.

Hakuondoka kwa fujo. Aliondoka kimya, polepole, utepe unapepea, na kwa sababu alikuwa kimya vile watu wote wakaelewa kuwa msafara umeanza. Bamama wakapiga vigelegele. Fanfari wakabadilisha wimbo wakaingia nyuma yake kwa mwendo wa kutembea. Bibi arusi akatoa mkono dirishani akaanza kupunga. Na mimi nakimbia pembeni na babushi zangu, ndala hizi, napiga kelele "Pompa! Pompa mara mbili!" maana freni za mguu za Yaya usipozipompa mara mbili hazikusikii, hilo tunalijua mimi na fundi wake tu, na watu wakiniona wanasema loo, angalia chofere naye anacheza.

Bwana arusi alikanyaga mara moja, akanyaga kwa nguvu zote, kisomi kabisa. Miwani ikaanguka. Hapo ndipo nilipoona macho yake, na yale hayakuwa macho ya mtu anayeoa.

Chini pale mteremko unapoishia kuna mama anauza makala, yaani makaa, ana magunia yake yamesimama pembeni ya barabara. Yaya alimfuata huyo. Mama makala aliona shada la maua linakuja, akainuka akajifunga kitenge vizuri, akasogea, na Yaya akaingia kwenye magunia taratibu, pufu, akasimama. Wingu jeusi likapanda. Likakaa juu pale kidogo, halafu likaanza kushuka kwa watu waliovaa nyeupe.

Bibi arusi ndani alikuwa mweupe pee, yeye vioo alikuwa ameshapandisha mapema, huyo mtoto atafika mbali. Bwana arusi alifungua mlango akashuka akiwa na suti ya rangi mbili.

Fanfari ikanyamaza, tarumbeta moja tu ikaendelea kidogo kwa kuchelewa habari. Mama makala akaangalia magunia yake, akaangalia sare za vitenge, akahesabu watu kwa macho, akataja bei. Sijawahi kusikia makala ya bei ile. Mjomba akakunjua tena karatasi yake, akawa anatafuta mahali palipoandikwa makala.

Ndipo akafika komanda wa barabarani. Nikasema basi, nimekwisha, maana mimi ndiye niliyesimama na funguo. Akaomba karte roze, asiransi, kontrole teknike, na yote anayaomba bila kuniangalia, anamwangalia Yaya. Akapangusa vumbi la makala kwenye taa kwa kidole kimoja.

"Papa yangu alikuwaka na ii."

Nawaambia kila mtu Lubumbashi papa yake alikuwa nayo, nikizijumlisha nadhani Peugeot walikuwa na kiwanda hapa Kamalondo hatukujua. Komanda akaomba akae kidogo. Akakaa, akashika volan, akacheza na levie juu chini, huyu alijua ni ya nini. Karatasi zangu akanirudishia hajazifungua. Halafu akatoka akavaa sura ya kazi akaanza kupanga watu: wewe lipa mama makala, wewe ondoa utepe kwenye gurudumu, wengine wote nyuma, sukuma.

Maana sasa mteremko wetu ulikuwa umekwisha kuliwa. Tuko chini, ni pasi tupu, na demarere nimeijaribu imenipa ile sauti yake ya kukohoa, na bobini mpya iko mfukoni haijafungwa. Basi ndoa nzima ikasukuma. Viatu virefu vimewekwa juu ya ukuta, mama wa kilemba ameweka bega kwenye kile kipembe cha nyuma na ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, mpiga tarumbeta anasukuma na mkono mmoja. Bibi arusi aligoma kushuka. Vitesi ya pili, nikaachia, Yaya akapiga kishindo kimoja cha moshi nyuma wapiga ngoma wakalala chini, akawaka.

Na akiwaka huwezi kumzima. Kwa hiyo sikuwa na namna, bwana arusi akapanda nyuma kwa mkewe, nikawapeleka salle ya sherehe, honi mwanzo hadi mwisho, na komanda mbele amepanda moto ya watu, pikipiki, anafungua njia kwa filimbi. Pale salle nimeegesha injini inanguruma, nimeletewa sahani ya wali na michopo, nyama ya kuchoma, kupitia dirishani, na bia ya Simba ya baridi nikaikataa kwa uchungu kwa sababu naendesha. Bwana wa lokasio akafika na yeye, jioni, na Mercedes yake ya zamani nyeupe inayovuja maji, akanitukana kwamba nimemwibia kliya, mteja wake. Mama wa kilemba akamjibu kwa niaba yangu. Sitarudia alichosema, lakini Mercedes iliondoka.

Nikiwa namalizia michopo nikaona moto nyingine inasimama pembeni, na juu yake ni yule kijana wangu wa jile, mweusi wa makala hadi kwenye meno, kwapani ameshikilia kisahani cha kung'aa cha gurudumu la mbele, na jiwe letu limefungwa kwenye kitambaa chake.

"Papa, ulisahau bintu yako. Nilikuwa nalinda."

"Unataka nini?"

"Elfu moja ya paking. Na ya moto, kuya na kurudia."

Nikampa, ningefanyaje, kisahani cha 404 utakipata wapi siku hizi. Akahesabu, akaweka ndani ya jile pamoja na zile noti zake nyingine ambazo wala hakunigawia, akakwangua skochi kwenye kapoti na kucha kama mtu anayejua thamani, halafu akainama dirishani.

"Papa, Jumamosi inayokuya fika mapema. Nimeshakamata avansi ya ndoa mbili."