Neti ya Mabogini ilinunuliwa kwa mpunga

Skimu mpya ya umwagiliaji ikitangazwa, wanaouliza kuhusu mbu huwa wachache, na hujibiwa kwa swali: kwani mnataka tule nini? Swali hilo lina haki yake. Mpunga ndio uliojenga nyumba za bati na kulipa ada za shule kuanzia Mabogini hadi Ifakara, na Agenda 10/30, yaani lengo la serikali la kilimo kukua kwa asilimia 10 ifikapo 2030, haiwezi kwenda bila maji ya mfereji. Anayepinga umwagiliaji leo hana hoja, na mimi simo kundini mwake.

Kuna jibu la pili, la kisomi zaidi, nalo ndilo linalonisumbua. Huambiwa kwamba utafiti ulishathibitisha mpunga hauongezi malaria, kwa hiyo wataalamu wa mbu watulie. Jibu hilo lilikuwa la kweli wakati wake. Tatizo ni kwamba linaendelea kunukuliwa huku mazingira yaliyolifanya kuwa kweli yamekwisha kubadilika.

Chimbuko lake ni Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, katika skimu ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti Mtanzania Jasper Ijumba na wenzake walilinganisha kijiji cha mpunga, mashamba ya miwa, na kijiji cha nyika kinachotegemea mvua. Kwenye mpunga mbu walikuwa kama mara nne ya wale wa nyikani. Walipopima maambukizi yenyewe, yaani idadi ya mara ambazo mtu anaumwa na mbu mwenye vimelea, kijiji cha mpunga kilikuwa chini ya kile cha nyika kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2001 Ijumba na Steve Lindsay walilipa jambo hilo jina ambalo kwa Kiswahili naliita kitendawili cha majaruba, yaani vile vitalu vya mpunga vinavyojazwa maji.

Mwea nchini Kenya ilitoa picha kali zaidi. Clifford Mutero na wenzake walikuta mbu wa malaria katika vijiji vya mpunga wakizidi wale wa vijiji vikavu kwa mara 30 hadi 300, lakini watu wenye vimelea vya malaria huko walikuwa kati ya asilimia 0 na 9, wakati vijiji vikavu vilikuwa na asilimia 17 hadi 54. Sehemu ya siri hiyo ni ng'ombe. Mbu aliyejaa majarubani, Anopheles arabiensis, akikosa mtu hula mnyama bila kinyongo, na damu ya ng'ombe haibebi malaria ya binadamu.

Sehemu nyingine ya siri ndiyo ninayoirudia kila mara: fedha. Mkulima wa Mabogini aliuza magunia yake, akanunua neti, akaweka bati, na mtoto akipata homa alikuwa na nauli ya kumfikisha zahanati. Jirani yake wa nyikani, aliyevuna mahindi kidogo au hakuvuna kabisa, hakuwa na neti. Kwa maneno mengine, jaruba lilikuwa linazalisha mbu na kugharamia kinga dhidi ya mbu haohao. Kwa sehemu kubwa kitendawili kilining'inia kwenye bei ya chandarua.

Basi tuitazame bei hiyo baadaye. Mwaka 2004 ikaja hati punguzo ya kununulia neti kwa wajawazito. Kuanzia 2009 zikaja kampeni za kugawa neti bure, kwanza kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kisha kwa kila kaya. Hakuna mwenye akili timamu anayelalamikia hilo. Ila tujiulize limefanya nini kwa Mabogini. Yule jirani wa nyikani naye sasa analala ndani ya neti, tena ileile yenye dawa. Faida ambayo mpunga ulimpa mkulima wake imegawiwa kwa wote, na ni haki. Mbu wa majaruba hawakugawiwa kwa yeyote. Wamebaki palepale.

Kwa hiyo sikushangaa mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Kallista Chan wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walipokusanya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara na kuzigawa kwa miaka. Katika tafiti za kabla ya 2003, wakazi wa vijiji vya mpunga hawakuonekana kuwa na malaria zaidi ya wenzao. Katika zile za baadaye, walikuwa nayo zaidi. Mpunga haukubadilika tabia. Ni malaria ya vijiji visivyo na mpunga iliyoshuka. Kwa Tanzania, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa karibu asilimia 18 mwaka 2008, na mwaka 2022 yakawa asilimia 8. Wakati wa masika huwezi kujua bomba la uani linavuja, maana ardhi yote imelowa. Kiangazi kikiingia ndipo unaliona tope moja limebaki, na unajua limetoka wapi.

Kuna na hili la neti zenyewe. Dawa inayopakwa kwenye neti ni ya ukoo mmoja na baadhi ya dawa zinazopuliziwa shambani. Mbu wa Lower Moshi wameshaonyesha usugu kwa dawa hizo. Kilimo hakibebi lawama yote hapa, lakini kiluwiluwi anayekulia kwenye maji yenye mabaki ya dawa anaanza kufundishwa kabla hajaota mbawa.

Wanaoutetea mpunga wana hoja moja ambayo upande wetu, sisi tunaouliza kuhusu mbu, huiruka, nayo ni kwamba mbu si mmoja. Katika bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuta kuwa sehemu kubwa ya maambukizi, karibu manne katika kila matano, hutoka kwa Anopheles funestus, mbu aliye mchache kuliko arabiensis. Huyu hupenda maji yanayodumu mwaka mzima yenye majani pembezoni, kama kingo za vijito na madimbwi ya zamani. Kumsingizia mkulima malaria yote ya Kilombero kwa sababu ya majaruba yake ni kumwonea. Mara nyingi anaumwa kwa sababu amehamia shamba miezi kadhaa, analala kwenye kibanda cha nyasi au dungu akiamia ndege, na neti iko nyumbani.

Ila wanaonukuu kitendawili hunukuu nusu yake. Ijumba na Lindsay wenyewe walionya kwamba pale ambapo malaria si ya kudumu na watu hawana kinga, nyanda za juu na kandokando ya jangwa, umwagiliaji unaweza kuileta. Bonde la Rusizi nchini Burundi lilionyesha hivyo miaka ya 1980, vijiji vya mpunga vikiwa na malaria kuliko vya pamba. Huko Tigray, Ethiopia, Tedros Adhanom Ghebreyesus, leo mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alionyesha mwaka 1999 kwamba watoto walioishi karibu na mabwawa madogo ya umwagiliaji waliugua malaria mara 7 ya wale wa mbali. Kabale, Uganda, vinamasi vya mafunjo vikilimwa, joto la jirani hupanda karibu nyuzi moja, na hiyo kwa mbu wa milimani ni neema.

Dawa za tatizo zipo, na hazihitaji kufunga mfereji. Arabiensis hustawi zaidi katika wiki za kwanza baada ya kupandikiza, maji yakiwa wazi na jua likiyapiga. Majani yakishafunga, hupungua. Skimu ambayo kila mtu anapanda kwa wakati wake huwa na jaruba changa muda wote. Bwawa la Thiba lilipozinduliwa mwaka 2022, Mwea ilipata uwezo wa misimu miwili, na wiki hizo zinakuja mara mbili. Kulowesha na kukausha kwa zamu, kama kilimo shadidi, ile njia ya kulima mpunga kwa maji machache, kinavyoelekeza, huweza kupunguza viluwiluwi na kuokoa maji. Lakini mwambie mkulima wa mwisho wa mfereji akaushe jaruba lake: atakuuliza nani anamhakikishia kuwa maji yatarudi. Kisha kuna magugu, na kibarua wa palizi si bure. Viuadudu vya kuua viluwiluwi vinavyotengenezwa Kibaha navyo, ambavyo mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zivinunue, huingia kwenye bajeti ya afya, wakati tani za mchele zinahesabiwa kwenye kilimo.

Kalenda ya kupanda na zamu za maji hupangwa katika mkutano wa chama cha wamwagiliaji. Mikutano ya namna hiyo niliyohudhuria, bwana shamba alikuwepo, fundi wa mageti alikuwepo, na mara moja hata mnunuzi wa mpunga kutoka mjini. Bwana afya hakuwa amealikwa.