Kabla ya kuuliza injini, gonga chasisi

Mtu akinunua pikapu ya Toyota Hilux LN106 ya miaka ya 1990 ili aifufue mwenyewe uani, wapo watakaomwambia "achana nalo" na wapo watakaotetea kazi ya nyumbani. Kwa wote, swali la kwanza huwa injini: inavuta vipi, inatoa moshi wa rangi gani, imewahi kuchemsha? Ni swali la haki, ila si la kwanza. Injini yake huitwa 3L (ni jina, si lita tatu): dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo, na hupatikana ya mtumba ikiwa nzima. Ikifa, inashushwa na nyingine inapandishwa. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, haina wepesi huo. Namba yake ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, hivyo kuibadilisha ni kazi ya spana na ya makaratasi pia.

Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye hanga, yaani vishikizo vya springi za nyuma, hasa pale reli (boriti ndefu ya chasisi, yenye uwazi ndani kama boksi) inapopinda kupita juu ya ekseli. Matope huingia ndani ya boksi hilo, hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Gari lililoishi pwani huwahi zaidi. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti butu, kama debe lililojaa udongo. Ukikuta rangi nyeusi mpya sehemu moja tu, ikwangue, maana puti, ile lipu ya kuzibia matundu, hupenda kujificha hapo.

Wanaosema "achana nalo" wana hoja nzito kwenye jambo hili. Kiraka cha mstatili kilichochomelewa wima hugeuza mshono kuwa mstari wa kukatikia: chuma cha pembeni kimedhoofishwa na moto, na mzigo wote unaishia hapo. Kiraka kinachofaa hukatwa umbo la almasi ili mshono ukae mshazari, na weldi haikatizi ubapa wa juu wala wa chini wa reli. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Ekseli ya mbele ndiyo inayowapa nguvu wanaotetea kazi ya nyumbani. LN106 ina ekseli ngumu juu ya springi za majani, na ugonjwa wake wa kawaida ni uji mweusi unaovuja kwenye tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Ni oili ya difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli: imepita oili sili ya ndani, imeyeyusha grisi, na ikiendelea itafika kwenye beringi na breki. Kabla ya kununua sili, kagua tundu la pumzi la difu. Likiziba, oili ikipata moto presha huisukuma itoke kwenye sili, hata kama ni mpya.

Vifaa ni vichache: jeki, stendi mbili imara, boksi spana ya milimita 54 kwa nati za habu, na kipande cha shaba cha kugongea washa za koni ziachie. Wengi hufungua nati hizo kwa tindo, ndiyo maana utazikuta zimeng'olewa meno. Zile shimu (vibati) nyembamba za beringi za juu na chini ya lile tufe, ambazo gurudumu hugeukia, zirudi zilikotoka. Zikichanganywa, usukani utakuwa mzito au gurudumu litacheza. Tenga siku nzima kwa kila upande.

Kuhusu kuchemsha, mafundi wengi hutoa thamostati, valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto, na kwa joto letu hoja yao inasikika: kwa nini kuziba njia ya maji? Itazame kabla ya kuitupa. Ikiwa na kisahani cha pili upande wa chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani na mzigo, joto hupanda zaidi. Ipime kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto: ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa juu yake.

Mkanda wa taiming ambao hujui umri wake ubadilishe mara moja pamoja na tenshena. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Silinda hedi na pampu ya dizeli zipeleke kwa wenye mashine. Nyufa kati ya viti vya valvu hazionekani kwa macho uani.

Hoja ya usalama nayo isipuuzwe: kufufua gari la umri huu hakuliongezei mkoba wa hewa wala breki za kisasa. Lakini Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizomo ndizo hizo, na spea zake zina soko. Ndiyo maana chasisi iliyoliwa pande zote mbili kwenye hanga haimaanishi hasara tupu: shusha injini, gia boksi na difu, uza kimoja kimoja.