Zulia lichore mahali, lisichore majani tu

Siku hizi maduka ya samani yamejaa mazulia ya bei kubwa yenye majani, mawimbi na mawe ya mtoni. Mengi yanapendeza. Ila uliza jani lile ni la mti gani, utaambiwa ni jani tu. Kwangu mimi, zulia la namna hiyo limeazima rangi za maumbile bila kuyatazama.

Ndiyo maana nazipenda kazi za Alexandra Kehayoglou, msanii wa mazulia wa Argentina. Babu na bibi yake walikuwa Wagiriki waliohama kutoka Isparta, mji wa Uturuki unaosifika kwa mazulia, na ukoo wao ukaendeleza kazi hiyo hadi kuwa na kiwanda. Alexandra alianza kwa kutumia masalia ya sufu ya kiwandani.

Zulia lake hutengenezwa hivi: kitambaa huwambwa kwenye fremu kubwa iliyosimama. Fundi hushika mashine ya mkononi yenye sindano, umbo lake kama bunduki, akapenyeza sufu kutoka upande wa nyuma, mstari kwa mstari. Kinachonivutia zaidi ni urefu wa nyuzi. Kwenye kuvumwani, ule mmea mfupi laini unaotanda juu ya mawe yenye unyevu, hukatwa fupi, kwenye nyasi huachwa zirefuke, na palipo na njia ya maji hushuka kabisa. Mguu wako unahisi bonde kabla jicho halijaliona. Mwaka 2014, kwenye maonyesho ya mavazi ya mbunifu Mbelgiji Dries Van Noten jijini Paris, wanamitindo walitembea juu ya zulia la Alexandra la kuvumwani na nyasi, na mwishoni wakajilaza juu yake. Nani angejilaza kwenye picha ya jani?

Lakini kazi yake ninayoithamini kuliko zote ni ile ya mto Santa Cruz, iliyoonyeshwa Melbourne mwaka 2017. Mto huo wa Patagonia hubeba maji ya barafu za Andes kutoka Ziwa Argentino hadi Atlantiki, na ulipangiwa mabwawa mawili makubwa ya umeme. Zulia linaonyesha mto wenyewe, na kingo zake na mikunjo yake. Wapo wanaosema sufu haizuii tingatinga la kujenga bwawa. Ni kweli, haizuii. Hata hivyo, aliyeukanyaga mto huo kwa miguu mitupu hawezi tena kusikia jina lake kama neno la kwenye ramani, na hilo naliona jambo kubwa kwa kitu cha kutandika sakafuni.

Natamani kuona delta ya Rufiji ikifanyiwa hivyo, mikoko na mifereji yake yote, sasa ambapo bwawa la Julius Nyerere limeshajengwa juu ya mto huohuo. Wasukaji wa mikeka tunao, na miyaa wanaijua tangu utotoni. Wenye hoteli za pwani wanaoagiza mazulia ya majani kutoka ng'ambo wangeanza kwa kuwapa wao hiyo oda, na kuwalipa kama wasanii.